Ugali na Ndugu Zake wa Ng'ambo



Mhariri aliponiomba makala ya historia kwa ajili ya jarida la mkutano wa mwaka huu, nadhani alitegemea nitaandika juu ya wakuu wa shule waliopita au vikombe tulivyopata kunyakua. Hayo wenzangu wamekwisha kuyaandika, tena vizuri. Mimi nimechagua kuandika juu ya ugali na maharage. Nilimaliza Kidato cha Sita mwaka 1999, nikasoma historia Chuo Kikuu, na tangu hapo nimekuwa mtumishi wa serikali mikoani. Katika miaka yote hiyo sijapata kukutana na mwanafunzi mwenzangu wa zamani, awe mkurugenzi au mwenye duka la rejareja, mazungumzo yetu yasiishie bwaloni. Habari za walimu huchukua dakika kumi. Habari za ukoko huchukua saa nzima.

Iko na sababu ya pili. Katika kikao cha maandalizi baadhi ya ndugu zetu walitoa hoja kwamba mchango wetu wa mwaka huu uiwezeshe shule kuacha unga wa dona na kununua sembe, na kwamba maharage yapunguzwe mezani, siku nyingine watoto wapewe mchuzi wa nyanya na viazi, kwa kuwa maharage ya kila siku ni chakula cha dhiki. Hoja hiyo imetolewa kwa nia njema. Nasikia hata vijana wenyewe huuita unga wa dona chakula cha kuku. Basi, kabla hatujanyoosha mikono mkutanoni, naomba tuijue historia ya sahani ile. Sisi si watu wa kwanza kushiba mahindi, na wengine waliotutangulia walijifunza mambo yake kwa gharama kubwa.

MGENI ASIYE NA KWAO

Mahindi asili yake ni kusini mwa Mexico, katika bonde la mto Balsas. Huko, yapata miaka 9,000 iliyopita, wakulima walianza kuchagua mbegu za jani la porini liitwalo teosinte, ambalo suke lake halizidi kidole cha mtu, na baada ya vizazi vingi wakapata gunzi tunalolijua. Baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492, mbegu hiyo ilivuka bahari ikaingia Hispania, na katika karne ya 16 Wareno waliichukua hadi pwani za Afrika.

Jambo la kuchekesha ni majina yake. Waingereza waliyaita mahindi nafaka ya Wahindi, wakiwa na maana ya wenyeji wa Marekani. Waitalia huyaita granoturco, yaani nafaka ya Mturuki. Waturuki nao huyaita mısır, ambalo ndilo jina lao la nchi ya Misri. Sisi tukasema mahindi, kana kwamba yametoka Bara Hindi. Kila taifa lilimtupia jirani yake, wala hakuna aliyetaja Mexico.

Tena tusidhani kwamba ugali ulizaliwa na mahindi. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani yetu hadi Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1857 na 1859, alikuta ugali bara, na nafaka yake kubwa ilikuwa mtama. Babu zetu walisonga ugali wa mtama, wa uwele na wa ulezi muda mrefu kabla ya mahindi kuwa mengi. Mahindi yalipofika yalipendwa kwa sababu za mkulima mwenyewe: gunzi limevikwa maganda, kwa hiyo ndege hawalimalizi, na watoto hawahitaji kushinda shambani wakiwinga; tena kupukuchua ni kazi nyepesi kuliko kupura.

Sababu ya pili ilikuwa ya wakubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia mwaka 1914 hadi 1918, Waingereza waliwakusanya wapagazi kwa maelfu mengi, na jina la kikosi chao, Carrier Corps, ndilo lililotuachia Kariakoo. Wapagazi hao walilishwa unga wa mahindi. Wengi wao hawakuuzoea, na mara nyingi hawakuwa na kuni, vyombo wala nafasi ya kuupika mpaka ukaiva. Ugonjwa wa kuhara uliwamaliza wengi kuliko risasi. Baada ya vita, mashamba ya mkonge na migodi yaliendelea kuwapimia wafanyakazi unga wa mahindi kila juma, na kipimo hicho kikaitwa posho. Walowezi nao walipanda mahindi meupe, kama yale ya mbegu ya Hickory King, kwa sababu wenye viwanda vya wanga huko Uingereza waliyalipia bei nzuri zaidi kuliko ya njano. Kwa hiyo ugali mweupe tunaoapa kuwa ni wa mababu, katika sehemu nyingi za nchi yetu umri wake ni kama miaka mia moja tu.

NDUGU WA ULAYA

Miaka michache iliyopita nilipelekwa kwenye kozi fupi kaskazini mwa Italia. Siku ya tatu, nikiwa nimechoshwa na mikate, mwenyeji wetu alitualika nyumbani kwake. Mama yake, mzee wa miaka themanini na zaidi, alikuwa amesimama mbele ya chungu cha shaba akikoroga kwa mwiko mrefu. Alikoroga kwa muda wa dakika arobaini na zaidi, kisha akaumwaga uji ule mzito juu ya ubao, ukaganda, ukatoa mvuke. Pembeni palikuwa na nyama iliyochemshwa polepole mpaka ikalainika. Nilitazama huku na huku nikitafuta maji ya kunawa. Walichonipa ni uma, lakini kwa tonge la kwanza nilijua niko kwa ndugu.

Chakula hicho huitwa polenta. Warumi wa kale walikula uji kama huo wa nafaka nyingine. Mahindi yalipofika yalichukua nafasi yake, na kufikia karne ya 18 yalikuwa ndiyo chakula kikuu cha maskini wa Lombardia na Veneto. Huko Rumania upo ugali mwingine uitwao mămăligă, uliochukua nafasi ya ugali wa uwele. Mămăligă husongwa ukawa mgumu, hukatwa kwa uzi, na huliwa kwa jibini na maziwa ya mgando. Ni chakula cha wachungaji na wakulima, watu wanaotaka kitu kinachokaa tumboni mpaka jioni.

Sasa nafika mahali pa uchungu. Mwaka 1735 daktari mmoja wa Hispania, Gaspar Casal, aliona katika jimbo la Asturias ugonjwa uliowapata wakulima maskini waliokula mahindi. Mwaka 1771 daktari wa Milano, Francesco Frapolli, aliuita pelagra, maana yake ngozi iliyoparara. Ngozi ya mikono, miguu na shingo, mahali panapopigwa na jua, huwa nyekundu, kisha hukauka na kubabuka. Mgonjwa huhara, halafu akili huvurugika, na asipotibiwa hufa. Ugonjwa huo ulikaa Italia kaskazini kwa zaidi ya miaka mia moja. Haukuwagusa matajiri waliokula polenta pamoja na nyama na maziwa. Uliwashika wale ambao mwaka mzima, asubuhi na jioni, walikuwa na polenta peke yake.

Mwulizaji atauliza: mbona Wamexico, wenye mahindi yao, hawakuangamia? Jibu limo katika mapishi ya bibi zao. Tangu kale wanawake wa huko huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa au ya majivu, huyaacha usiku kucha, huyaosha, ndipo huyasaga na kutengeneza mikate yao myembamba iitwayo tortilla, au tamale zinazofungwa majani na kupikwa kwa mvuke. Chokaa ile hufungua kirutubishi kiitwacho niasini, ambacho katika mahindi ya kawaida kimefungika na mwili haukipati. Tena katika shamba moja wao hupanda mahindi, maharage na maboga, na humo jikoni huliwa pamoja. Wazungu walichukua mbegu wakaiacha elimu. Kwa bahati mbaya nasi Afrika tulipokea mbegu bila ile chokaa. Lakini maharage tuliyapokea, nayo yametoka huko huko Marekani, kadhalika na karanga. Kande ya Upare na Usambaa, na githeri ya Wakikuyu, ni ndugu wa tumbo moja na ule mchanganyiko wa mahindi na maharage ambao wenyeji wa Marekani waliupika kabla ya meli yoyote ya Ulaya kufika kwao.

PUDINI YA WANACHUO

Vijana watasema mbona historia hii ni chungu. Basi niwape na kitamu.

Waingereza walikuwa na chakula walichokiita pudini ya haraka: unga wa ngano uliokorogwa katika maziwa au maji yanayochemka mpaka ukawa mzito. Walipohamia sehemu za kaskazini mashariki ya Marekani, ngano haikustawi vizuri, wakatia unga wa mahindi. Katika nyumba zao waliongeza molasi, yaani ile asali nyeusi inayobaki sukari ya miwa inapotengenezwa, wakatia na viungo, wakaoka polepole kwa saa nyingi. Hiyo ndiyo Indian pudding, ambayo mpaka leo hupikwa huko wakati wa baridi.

Mwaka 1793 Mmarekani mmoja, Joel Barlow, mshairi ambaye baadaye alikuwa mwakilishi wa nchi yake Ufaransa, alikuwa huko Savoy, mbali na kwao. Akaletewa bakuli la uji mzito wa mahindi. Alikumbuka nyumbani mpaka akatunga shairi refu la kuusifu uji huo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1795, wanafunzi wa chuo cha Harvard walianzisha chama chao wakakiita kwa jina la pudini hiyo ya haraka, kwa sababu katika kila mkutano wanachama walileta chungu cha uji huo kwa zamu. Chama hicho kipo hadi leo. Wasomi wa chuo kikubwa namna ile hawakuona haya kujiita kwa jina la chakula chao cha sufuria, basi sijui sisi tunaona haya gani kwa ugali wetu.

Ziko nyingine. Kaskazini mashariki ya Brazil hupika mungunzá: mahindi meupe yaliyokobolewa, huchemshwa mpaka yakapasuka, hutiwa tui la nazi, sukari na mdalasini, na huliwa hasa katika sikukuu za mwezi wa Juni. Mtu wa Tanga au wa Pwani akiyaonja hatauliza jina. Atauliza kama kuna jingine sufuriani.

WALIOSAHAU MAHARAGE

Narudi kwenye hoja iliyo mbele yetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 pelagra ilizuka kusini mwa Marekani, nchi iliyokuwa imekwisha kutajirika. Wakulima wa kukodi mashamba na wafanyakazi wa viwanda vya pamba walikula vitu vitatu: unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na molasi. Wakati huo huo mashine mpya za kusaga zilikuwa zimeanza kuondoa kiini cha mahindi ili unga ukae muda mrefu bila kuharibika, na wako wanahistoria wanaoihesabu kuwa sababu mojawapo. Inakadiriwa kwamba katika muda wa miaka arobaini watu wapatao laki moja walikufa.

Mwaka 1914 serikali ilimtuma daktari Joseph Goldberger akachunguze. Watu wengi waliamini kuwa ni ugonjwa wa kuambukiza. Yeye aliona kwamba katika nyumba za yatima na hospitali za wagonjwa wa akili, wakaaji waliugua lakini wafanyakazi hawakuugua, ingawa waliishi pamoja. Tofauti ilikuwa katika sahani. Aliwapa yatima maziwa, nyama, mayai na maharage, na ugonjwa ukatoweka. Mwaka 1915, katika shamba la gereza huko Mississippi, wafungwa 11 walikubali kula vyakula vya wanga bila maziwa, nyama wala maharage, kwa ahadi ya kuachiliwa huru. Katika miezi sita, 6 kati yao walipata pelagra. Wabishi walipoendelea kubisha, mwaka uliofuata Goldberger, mkewe na wenzake walijidunga damu ya wagonjwa, na hakuna aliyeugua. Alifariki mwaka 1929 kabla kirutubishi chenyewe hakijajulikana. Mwaka 1937 Conrad Elvehjem alithibitisha kuwa ni niasini.

Msidhani hayo ni ya kale na ya mbali. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, jirani zetu kabisa, walipata pelagra, wagonjwa wapatao 18,000. Walikuwa wakigawiwa unga wa mahindi na karanga. Mgao wa karanga ulipokatika, mahindi yakabaki peke yake, na katika miezi michache ngozi za watu zilianza kubabuka. Tumbo lilijaa, lakini mwili ulikuwa na njaa.

TUIPIME HOJA

Tuitazame sasa sahani ya bwaloni kwetu. Ugali unatoa nguvu. Maharage yanaleta protini na niasini, pamoja na vile ambavyo mwili huvitumia kujitengenezea niasini, mambo ambayo mahindi yanapungukiwa. Mchicha, sukuma wiki au dagaa wakiongezwa, chakula hicho hakina upungufu mkubwa. Mpishi wetu hakusoma habari za Goldberger, lakini kila alipoteka upawa wa maharage na kuumimina juu ya ugali alifanya kazi ya daktari. Kuyapunguza maharage na kuweka mchuzi wa viazi ni kuweka wanga juu ya wanga.

Juu ya dona na sembe, yafaa tuseme kweli kwa pande zote. Sembe ni laini na inakaa ghalani muda mrefu, lakini kiini na pumba zikiondolewa, sehemu kubwa ya mafuta mazuri na vitamini huondoka nazo. Dona huchacha mapema kwa sababu ya mafuta hayo, kwa hiyo hauwezi kununuliwa wa miezi mitatu kwa mara moja. Tena mahindi yakiwa na ukungu, dona ni hatari: mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Dawa yake ni kuanika vizuri, kuchambua na kutunza mahali pakavu. Hiyo ni kazi ya ghala, na ghala ndilo linalohitaji fedha zetu.

Wazee wetu wa miaka ya sabini wanaikumbuka njaa ya mwaka 1973 hadi 1975, mvua zilipokosekana, na Serikali ikatoa wito wa Kilimo cha Kufa na Kupona. Wanaukumbuka na unga wa mahindi ya njano ulioletwa kutoka nje, ambao watu waliubatiza jina la Yanga kwa sababu ya rangi yake. Waliula huku wakinung'unika, wakidhani wamepewa chakula cha wanyama. Kumbe mahindi ya njano yana vitamini A inayokosekana katika meupe. Hayo nayaandika si kwa kuwacheka, kwani njaa ilikuwa kweli na dharau yao ilikuwa na chanzo. Ila rangi ya unga imekwisha kutudanganya mara moja, tusiiruhusu itudanganye mara ya pili.

Kwa hiyo napendekeza hoja ibadilishwe. Kwanza, dona libaki, na mchango wetu ujenge ghala lenye sakafu iliyoinuka na maturubai ya kuanikia mahindi. Pili, maharage yabaki kila siku, yachambuliwe vizuri na kuungwa kwa vitunguu na nyanya, maana manung'uniko ya vijana mengi ni juu ya upishi na si juu ya maharage yenyewe. Tatu, ekari moja ya shamba la shule ipandwe mboga za majani na nyingine karanga, na wanafunzi wafanye kazi hiyo kwa zamu za mabweni kama ilivyokuwa zamani. Nne, na hili ni ombi langu mwenyewe, mara moja kwa juma Jumapili jioni pawe na kitu kitamu: mahindi yaliyokobolewa, tui la nazi, sukari na mdalasini. Gharama yake ni ndogo. Tukiyaita pudini, vijana watapanga foleni. Tukiyaita kande tamu, watapanga foleni vile vile.

Waliosoma Sayansi Kimu au Kilimo, na wale walio wahasibu, naomba waje mkutanoni na hesabu za ghala na maturubai. Mimi nitakuja na nazi.